IST: gari moja, majina manne

Umeita usafiri kwa simu. Programu inakuandikia: Toyota IST, nyeupe, namba D, yaani usajili wenye herufi zinazoanzia D. Unatoka getini unakuta IST nyeupe tatu zimeegeshwa mbele ya duka la dawa, zote namba D, madereva wote wameinamia simu zao. Unaanza kupita nyuma ya buti moja hadi jingine ukisoma herufi kama karani wa sensa. Mkazi wa Dar es Salaam haelezwi zaidi ya hapo. Ameshafungua mlango wa gari lisilo lake akaomba radhi, tena si mara moja.

Gari hilo lililojaa kila kona lina mambo mawili ambayo wengi wanaolipanda, na hata baadhi ya wanaolimiliki, hawajayatia maanani. La kwanza, halitengenezwi tena. Toyota walilifunga mwaka 2016, na mwaka huohuo, mwezi Juni, Uber ikaanza kazi Dar es Salaam. Kule kwao linastaafishwa, huku ndiyo kwanza linaajiriwa. La pili, "IST" si gari moja. Zile tatu za getini zinaweza kuwa na bodi mbili tofauti, injini mbili tofauti na gia boksi mbili zisizokunywa oili moja, na anayezichanganya hulipia gereji. Mimi nimeshalipia, nitafika huko.

Tuanze na jina, maana hata hilo tunalitamka tofauti na wenyewe. Huku kwetu ni herufi tatu, ai-es-ti, kana kwamba ni kifupi cha wizara fulani. Nimewahi kukaa kwenye daladala kutoka Mwenge nikasikiliza watu wazima wawili wakibishania kirefu chake mpaka Makumbusho. Hakina kirefu. Toyota waliliandika kwa herufi ndogo, ist, na Wajapani hulisoma kama neno moja, isuto. Ni kile kipande cha mwisho cha maneno ya Kiingereza kama "artist" na "stylist", kinachomtaja mtu kwa kazi yake au kwa jambo analolipenda. Kiswahili hufanya kazi hiyohiyo mwanzoni mwa neno: mchoraji, mshonaji, mpishi. Kwa hiyo tukilitafsiri jina la gari hili kwa uaminifu tutapata "M". Bora tulivyoliacha.

Limezaliwa na nani? Na Vitz. Mwaka 1999 Toyota walitoa Vitz, ambayo Ulaya iliitwa Yaris. Mchoro wake ulikuwa wa Mgiriki mmoja, Sotiris Kovos, aliyekuwa kwenye studio ya Toyota barani Ulaya, na gari likachaguliwa Gari la Mwaka la Ulaya kwa mwaka 2000. Lakini kilichokuwa na faida kubwa kuliko mchoro ni kile kisichoonekana, yaani sakafu. Kampuni za magari hazianzi upya kila mara. Zinaunda sakafu moja, pamoja na mahali pa kukalia injini, miguu ya mbele na ya nyuma na usukani, halafu juu yake zinavalisha bodi za kila namna, kama fundi cherehani mwenye kipimo kimoja anayekata kanzu, koti na suruali kwa mtu yuleyule. Sakafu ya Vitz ilizaa ukoo mzima. Kuna Platz yenye buti la nje, Funcargo, bB yenye umbo la kisanduku, Probox ya mizigo, Raum ya pili, Porte yenye mlango mkubwa wa kuteleza, na Sienta ya viti saba. IST ni mtoto wa nyumba hiyo. Ukipima umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, Vitz ya kwanza na IST ya kwanza zote zina milimita 2,370.

Shika neno hilo, ukoo, kwa sababu ndilo linaloeleza karibu kila kitu kinachofuata.

Toyota walikuwa na sababu ya kuharakisha mtoto mwingine. Mwaka 2001 Honda walitoa Fit, na mwaka 2002 Fit ikaongoza mauzo Japani, ikiiangusha Corolla iliyokuwa imekaa kileleni miaka 33 mfululizo. Katikati ya mshituko huo, Mei 2002, IST ikatoka. Wazo lake halikuwa gari dogo la bei poa. Hilo Vitz ilikuwa tayari inalifanya. Wazo lilikuwa gari dogo lisiloona haya kuwa dogo. Ringi za inchi 15 wakati nduguze wengi walivaa 13 na 14, fenda zilizojaa, kimo cha milimita 1,530 kinachomfanya dereva akae juu kidogo, na urefu wa milimita 3,855 unaoingia popote. Saa ya spidi waliiweka katikati ya dashibodi badala ya nyuma ya usukani. Matokeo yake, ukiwa na mama watoto kiti cha mbele, yeye ndiye anayeiona spidi vizuri kuliko wewe, na utaambiwa.

Sasa tuje kwenye fumbo lenyewe. Ukiagiza IST, karatasi ya Japani inakuja na maandishi kama UA-NCP60, au DBA-NCP110. Watu wengi huyaruka wakatazama picha. Kumbe hapo ndipo gari linapojitambulisha. Herufi kabla ya kistari ni daraja la moshi: UA ni ya viwango vya zamani, CBA na DBA ni za baadaye. Huwezi kuzibadili na hazikuletei shida barabarani. Zinazohusu mfuko wako ni zile za baada ya kistari. N ya mwanzo inatokana na injini za familia ya NZ. Namba za mwisho zinataja bodi na namna gari linavyovuta. NCP60 ni kizazi cha kwanza chenye injini ya 1.3. NCP61 ni bodi ileile yenye injini ya 1.5. NCP65 ni ya 1.5 inayovuta kwa magurudumu yote manne, gari lililokusudiwa kwa barafu ya kaskazini mwa Japani na ambalo huku huleta foleni ya spea tu. Kizazi cha pili, kilichotoka Julai 2007, ni NCP110, na NCP115 kwa inayovuta kwa manne. Kulikuwa pia na ZSP110, yenye injini ya 1.8 ya familia nyingine kabisa, ndiyo maana herufi ya mwanzo imegeuka kuwa Z. Ukikutana nayo yadi, jua umekutana na mgeni.

Wauzaji wetu hawana habari na namba hizo. Wao wana "old model" na "new model", na matangazo yao husema "cc 1290" au "cc 1490". Namba hizo mbili zina historia ya kuchekesha. Injini ya 1.3, inayoitwa 2NZ-FE, ina ujazo wa cc 1,298, ya 1.5, yaani 1NZ-FE, ina cc 1,496. Karatasi za Kijapani huandika lita kwa tarakimu mbili, 1.29 na 1.49, bila kukaribisha juu. Karani huku akizidisha kwa elfu, inazaliwa injini ya cc 1290 ambayo kiwandani haikuwahi kuwepo, ikaandikwa kwenye kadi ya gari, na leo mtu anaweza kukukatalia kwa kiapo kwamba yake ni 1290 na ya jirani ni 1298.

Na kwa nini 1,496, isiwe 1,500 kamili? Kodi. Japani hutoza kodi ya mwaka ya gari kwa ngazi za ujazo wa injini, na ngazi mojawapo inaishia cc 1,500. Mhandisi anayevuka mstari huo kwa cc 4 anamwongezea mteja wake kodi kila mwaka bila sababu. Mstari huo wa Wajapani ukaja kuwafaa Wakenya, maana ushuru wa bidhaa wa Kenya nao umepanda ngazi kwenye cc 1,500: asilimia 20 chini yake, 25 juu yake. Tanzania ngazi yetu ni pana, kutoka cc 1,000 hadi 2,000, na ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18. Kwa hiyo mtu anayekuambia ununue ya 1.3 kwa sababu ya kodi, mwulize kodi ipi.

Kuhusu injini zenyewe, niseme waziwazi kwamba hapa ndipo sifa ya IST ilipo, na sifa hiyo si ya IST. Ni ya ukoo. 1NZ-FE ilifungwa kwenye Corolla, Fielder, Spacio, Premio na Allion za 1.5, Probox, Raum, Platz, Sienta, na binamu yake, 1NZ-FXE, ndiye aliyeendesha Prius tangu 1997. Zote mbili, 1NZ na 2NZ, zinatumia cheni ya taimingi, si mkanda. Mkanda una umri. Ukifika unaubadilisha au unakatika na kupinda valvu. Cheni haina tarehe, ila ina mdomo: inakula oili safi. Ukiacha oili mpaka inakuwa lami, cheni inalegea na unaisikia asubuhi gari likiwaka, sauti kama ya mtu anayetikisa sarafu kwenye kopo. Kosa la pili la hizi injini, zikizeeka, ni kunywa oili kimyakimya. Hazitoi moshi wa kukutisha, zinaipunguza tu. Vuta ile stiki ya oili kila unapojaza mafuta, dakika moja. Na bloku yake ni ya aluminiamu, haipendi kuchemshwa. Rejeta iliyojazwa maji ya bomba miaka mitano ni njia ya uhakika ya kulifahamu hilo.

Nguvu ni farasi 87 kwa ya 1.3 na 109 kwa ya 1.5. Tofauti hiyo kwenye foleni ya Buguruni ni sifuri. Kwenye mlima wa Kitonga, watu wanne ndani na gunia la mpunga la kupeleka mjini, utaitambua. Watu husema IST inanusa mafuta, na ni kweli kiasi: yangu ya 1.5 ilikuwa inanipa kilomita 12 au 13 kwa lita mjini, na ikivuka 15 barabara kuu nikiwa na subira. Ya 1.3 ni nzuri kidogo kuliko hapo, lakini si kwa kiasi ambacho wauzaji hukitaja, kwa sababu injini ndogo ikibebeshwa mzigo hukanyagwa zaidi.

Basi kizazi cha pili. Mwaka 2007 Toyota walifanya jambo ambalo kwa macho yetu halina uzito na kwa Mjapani lina uzito mkubwa. Walilipanua gari mpaka milimita 1,725. Japani, gari la abiria lisilozidi upana wa mita 1.7, urefu wa mita 4.7, kimo cha mita 2 na injini ya cc 2,000 hupewa namba inayoanza na 5 au 7. Likizidi kipimo hata kimoja, linapewa namba inayoanza na 3, daraja la magari makubwa. IST mpya ikavuka kwa milimita 25. Gari lenye urefu wa chini ya mita 4 likapachikwa namba ya wakubwa. Kodi haikubadilika, maana kodi inafuata injini na uzito, lakini njia za mitaa ya Japani ni nyembamba, na maegesho ya ghorofa mengi yamejengwa kwa kipimo cha mita 1.7. Mtu aliyependa ya kwanza kwa sababu ya udogo wake alikuta ya pili imekuwa kama msichana wa kijijini aliyerudi na miwani mikubwa.

Kwa nini wakafanya hivyo? Kwa sababu ya majina mengine matatu.

IST ilikuwa na maisha ng'ambo. Juni 2003, jimbo la California, Toyota walianzisha chapa mpya ya kuwavuta vijana wa Marekani, Scion, na mojawapo ya magari mawili ya kwanza ilikuwa IST iliyohamishiwa usukani kushoto na kuitwa xA, kwa injini ya 1.5 pekee. Vijana wakapenda zaidi lile jingine, xB, kisanduku kilichotokana na bB. Ilipofika zamu ya kizazi cha pili, gari likachorwa kuanzia mwanzo likiwa na soko hilo kichwani, na la Ulaya pia: pana, bega kubwa, ringi za inchi 16, sura ya kigari cha porini. Marekani likaitwa xD, likapewa injini ya 1.8 yenye nguvu za farasi 128. Ulaya likaitwa Urban Cruiser, jina lililotangulia kwenye gari la maonyesho mjini Geneva mwaka 2006, na huko lilikuja na injini ya petroli ya 1.33 na ya dizeli ya 1.4. Hesabu basi: ist, xA, xD, Urban Cruiser.

Hili si la kujua kwa ajili ya mashindano ya maswali. Ukitafuta taa ya mbele mtandaoni ukaikuta ya xD kwa bei nzuri, picha itafanana kabisa na ya kwako. Lakini imetengenezwa kwa nchi inayoendesha kulia, na mwanga wake wa chini umekatwa kumulika pembeni upande wa kulia, yaani kwenye macho ya anayekuja mbele yako Barabara ya Morogoro. Rack ya usukani ndiyo usiseme. Na ukiandika "Urban Cruiser" siku hizi utaletewa kitu kingine, maana tangu 2020 jina hilo Toyota walilipachika India kwenye gari lililoundwa na Suzuki, lisilo na undugu wowote na IST.

Lile jambo la gereji sasa. IST ya kwanza ina gia boksi ya otomatiki ya kawaida, gia nne. Ya pili, hii ya 1.5 inayovuta mbele, ina CVT. Ndani ya CVT hakuna gia za kuhesabu. Kuna puli mbili na mkanda wa chuma kati yake. Puli moja ikijibana, nyingine inajitanua, mkanda unapanda huku na kushuka kule, na hivyo uwiano unabadilika polepole bila kushituka. Ndiyo maana ukikanyaga, injini inapiga kelele moja ndefu na gari linafuata baadaye. Sasa fikiria: chuma kinashika chuma, na katikati yake kuna oili. Oili hiyo inatakiwa ilainishe na wakati huohuo isiache mkanda uteleze. Ni oili ya peke yake. Toyota waliita CVT Fluid TC. Ya kizazi cha kwanza ni ATF ya kawaida, aina ya T-IV.

Nilinunua new model baada ya kuwa na old model miaka minne. Nikaipeleka kwa fundi wangu yuleyule, gereji ileile, sitaitaja. Akaniletea galoni ya ATF, nyekundu kama sharubati ya rozela. Nikamwuliza kama ndiyo yenyewe.

"Bosi," akanijibu akifuta mikono, "si IST? Hii ndiyo oili ya IST. Miaka minne nakuwekea hii hii."

Hakunidanganya. Kwa miaka minne alikuwa ameweka hiyo, na ilikuwa sahihi. Wiki ya tatu gari likaanza kutetemeka likiondoka kwenye taa, kama mtu mwenye homa anayejitahidi kuamka. Wiki ya sita nikanunua gia boksi ya mtumba. Jina lilikuwa moja, gari lilikuwa jingine, na karatasi yenye herufi NCP110 ilikuwa kwenye droo yangu muda wote.

Kwa nini lilikufa? Sidhani kuna aliyeliua. Marekani xD iliondoka mwaka 2014, na mwaka 2016 Toyota wakafunga Scion yote. Urban Cruiser haikufika mbali Ulaya. Nyumbani, Desemba 2011 Toyota walitoa Aqua, kigari cha mseto wa petroli na umeme, na mtu mwenye hela ya IST akaona bora aweke hapo. IST ikabaki bila wa kuisemea: kubwa kwa aliyetaka kidogo, ndogo kwa aliyetaka cha porini. Toyota walirudi baadaye kwenye wazo la kigari kidogo chenye mabega, Yaris Cross ya 2020, ila hawakulirudisha jina.

Wakati huohuo zile za kwanza zilikuwa zinaanza safari. Japani haikatazi gari kuzeeka, inalifanya liwe ghali. Gari jipya linakaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na ukaguzi huo pamoja na kodi na bima yake ni gharama ya kukunja uso. Likivuka miaka 13, kodi ya uzito na kodi ya mwaka zinapanda. Mwenye gari anapiga hesabu, anaona heri aliuze. Linakwenda mnadani, linapigwa alama kwenye karatasi, 4 au 3.5, au R kama liliwahi kugongwa likanyooshwa, na kwa kuwa Japani nao wanaendesha kushoto, usukani uko tayari kwa Dar es Salaam na Mombasa.

Hapo mnunuzi wetu anaona bei mtandaoni anafurahi, halafu anakutana na hesabu. Chukua gari ambalo TRA, mamlaka ya mapato, wamelithamini, pamoja na nauli ya meli na bima, kuwa shilingi milioni 8. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani milioni 2. Tuko milioni 10. Ushuru wa bidhaa kwa injini ya cc 1,000 hadi 2,000 ni asilimia 5, na gari lililozidi miaka 10 linaongezewa asilimia 30 ya uchakavu. Jumla 35, na inatozwa juu ya ile milioni 10, siyo 8. Hiyo ni milioni 3.5. Sasa VAT, asilimia 18 ya milioni 13.5, ni milioni 2.43. Umefika milioni 15.93 kabla ya tozo ndogondogo, bandari, wakala na usajili. Kodi imelingana na gari. Hakuna asilimia mia moja iliyoandikwa popote kwenye sheria. Imetokea kwa sababu kila kodi inakaa mgongoni mwa iliyotangulia. Bajeti ya kila Juni inaweza kugusa viwango hivyo, lakini mpangilio ndio huo. Gari la miaka 8 hadi 10 uchakavu wake ni asilimia 15, ila hata IST ya mwisho kabisa, ya 2016, miaka 8 imeshaipita.

Kenya mlango umeshafungwa kwa njia nyingine. Sheria yao ni miaka 8 tangu usajili wa kwanza, na ilipofika Januari 2024 kilichoruhusiwa kilikuwa cha 2017 na kuendelea. Uganda waliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018. Kwa hiyo IST zinazotembea Nairobi leo haziongezwi nyingine kutoka Japani. Zinauziana zenyewe kwa zenyewe.

Ungedhani basi spea zitaadimika. Nenda Gerezani, mtaa wa spea Dar es Salaam, asubuhi moja. Niliwahi kwenda kutafuta koili ya plagi, gari linakohoa, taa ya injini inawaka. Muuzaji, kijana aliyekaa juu ya gia boksi kama kigoda, hakuniuliza mwaka wala modeli. Aliuliza, "Injini gani, mzee?" Nikasema 1NZ. Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka akatoa koili yenye vumbi iliyoandikwa kwa kalamu ya rangi: Probox. Ilifanya kazi, na inafanya mpaka leo. IST inaweza kukaa bila kiwanda miaka mingi sana kwa sababu haikuwahi kutegemea kiwanda chake. Inavuta kwa ndugu. Kitakachoanza kuadimika ni vile vya mwilini mwake tu, taa za nyuma, bampa, ile dashibodi ya katikati, vitu ambavyo Probox haiwezi kukuazima.

Madereva wa mtandaoni wamepata jipya la kulirefusha maisha. Petroli ilipopanda, wengi walifunga mfumo wa gesi asilia, hii inayotoka Songo Songo na Mnazi Bay. Chuo cha DIT ni miongoni mwa wanaofanya kazi hiyo. Injini inaendelea kuwaka kwa petroli kisha inahamia gesi, na kwa anayezunguka siku nzima akiba yake inaonekana jioni ileile. Mtungi lakini lazima ukae mahali, na mahali pekee ni kwenye buti, ambalo tangu kuzaliwa lilikuwa la mkoba mmoja na mfuko wa nazi.

Mwezi uliopita nilimpeleka dada yangu uwanja wa ndege. Tuliita gari, ikaja IST, nyeupe, namba D. Alikuwa na masanduku mawili. Dereva akafungua buti, tukautazama mtungi, na mtungi ukatutazama. Sanduku la kwanza likaingia nyuma pamoja nasi, miguu yetu juu yake. La pili akalibeba mwenyewe, akazunguka, akafungua mlango wa mbele, akalikalisha kitini na kulifunga mkanda.

"Twende, dada," akasema. "Huyu ametangulia mbele."